SOMO: KUCHAGUA INIVERSITE KUBWA YA MAREKANI YENYE TIMU KUBWA



Tangu likizo ya Pasaka maulizo juu ya kusoma Marekani yamekuwa mengi sana, hata kwenye mstari wa chakula. Wengi wanatuuliza sisi makapita wa darasa la mwisho kana kwamba tumekwisha kufika kule. Hatujafika. Lakini tumesoma, tumeuliza mwalimu wa Kiingereza na mwalimu wa jografia, tumetafuta kwenye ordinatere ya biro kwa ruhusa ya Bwana Prefe, kiisha tumeandika hapa yale tuliyohakikisha. Somo ni refu kidogo. Mtuvumilie, kwa sababu ndani yake kuna jambo linalogusa mwenzetu mmoja, na halitangoja mpaka kiisha Egzetat.

Kwanza tujue tunasema juu ya nini. Marekani iko na vyuo maelfu, vidogo na vikubwa. Vile vinavyoitwa iniversite za uchunguzi si mahali pa kufundisha tu. Profesere wa pale analipwa pia kwa kutafuta mambo ambayo hayajajulikana bado: dawa, mbegu, chuma, lugha, nyota. Katika hesabu iliyotolewa mwaka 2025, chuo kinachotumia angalau dola milioni 50 kwa mwaka kwa uchunguzi, na kinachotoa angalau madoktere 70 kwa mwaka (si madoktere wa kutibu wagonjwa, ni wale wa masomo ya juu kabisa), kiliwekwa katika kundi la kwanza. Vilipatikana 187. Nchi yetu nzima ingefurahi kuwa na kimoja.

Vingi kati ya hivyo ni vya serikali za majimbo. Mwaka 1862, wakati wa vita yao ya ndani, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria iliyopatia majimbo ardhi ya kuuza, ili feza zake zianzishe vyuo vya kulima na ufundi. Njo hapo mtoto wa mkulima alipata mlango. University of Kentucky ilianza kwa njia hiyo mwaka 1865, nasi tutairudilia, sababu mtoto wa Lubumbashi alicheza pale.

Tuchukue mfano mwingine, University of Michigan katika mji wa Ann Arbor. Yenyewe ni ya zamani kuliko sheria ile, ilianza mwaka 1817. Wanafunzi wake wanapita 50,000. Interna yetu iko na vitanda 120, basi hesabuni wenyewe: ni interna kama yetu zaidi ya mia nne. Tarehe 12 Aprili 1955 ni katika iniversite ile walipotangazia dunia kwamba chanjo ya Jonas Salk inakinga watoto na polio, kiisha majaribio makubwa yaliyosimamiwa na Thomas Francis, profesere wa palepale. Matone tuliyotiwa mdomoni tulipokuwa wadogo yalitoka kwa mtu mwingine, Albert Sabin, lakini ugonjwa ni uleule, na kila mtaa wa kwetu unamjua mtu aliyelemazwa nao.

Kiisha, katika mji uleule, kuna uwanja wa mpira wa Kimarekani wenye viti 107,601. Uwanja wa Mazembe kule Kamalondo unaingiza watu karibu 18,500. Ya Michigan inapita ile mara tano! Uwanja wa shule, si wa nchi. Mwenzetu mmoja aliposikia hesabu hii alisema, "Miye naenda kuko ile stadi, masomo tutaona mbele." Tulicheka, lakini ni kwa ajili ya neno lile tulianza kuandika.

Kwa nini shule iwe na uwanja vile? Huku kwetu timu kubwa ni ya mji ao ya tajiri, na Unilu haijulikani kwa mpira. Lakini msishangae sana. Mazembe yenyewe ilizaliwa shuleni: mwaka 1939 mapadri Wabenediktini walianzisha timu kwa ajili ya wanafunzi wa Saint-Boniface, wakati Lubumbashi ilipoitwa Élisabethville. Kwetu timu iliondoka shuleni ikaenda kwa wenye feza. Kule Marekani ilibaki shuleni, na feza zikaifuata pale. Harvard na Yale walishindana kwa kupiga makasia mwaka 1852. Mpira wao wa kushika mkononi ulikuwa mkali mpaka wachezaji walikufa, na mwaka 1905 Rais Theodore Roosevelt aliwaita wakubwa wa vyuo ili watengeneze mambo. Mwaka 1906 kikaanzishwa chama ambacho tangu 1910 kinaitwa NCAA. Kiisha ikaja televisheni, na televisheni inalipa. Leo katika majimbo mengi, mtumishi wa serikali anayelipwa kuliko wote si gavana wala munganga mkubwa wa hospitali, ni kocha wa iniversite. Tulisoma neno hili mara mbili tukifikiri ni kosa la chapa.

Msifikiri lakini kwamba feza zile zinajenga laboratwari. Iniversite chache tu zinapata kwa timu kuliko zinavyotumia. Zingine zinajaza pengo kwa feza za shule, na pengine kwa malipo ya wanafunzi wote, hata wale wasiojua mpira una hewa ao hauna.

Sasa tuje kwetu. Anayechagua iniversite ya namna hii ni mmoja wa watu wawili. Wa kwanza anataka kucheza. Wa pili hatacheza, anataka kusoma tu, na kelele za uwanja zinamvuta. Sisi karibu wote ni wa pili, hata kama hatupendi kukubali, kwa sababu katika NCAA nzima wachezaji wanapita 500,000, na NCAA yenyewe inasema wanaofika kucheza kwa mshahara kiisha masomo hawafiki 2 kwa mia.

Kwa huyu wa pili, maneno ni machache. Timu itampa Jumamosi za furaha na watu wa kuzungumza nao, na kwa mgeni aliye mbali na mama yake hilo si jambo dogo. Lakini atakuwa ndani ya ukumbi wa wanafunzi mia tatu, profesere yuko mbali mbele, na mazoezi anasahihishiwa na mwanafunzi mkubwa anayetafuta udoktere wake. Asiyejitokeza mwenyewe hatajulikana. Kila profesere ana saa za kupokea wanafunzi katika biro yake, na wengi hawaendi. Sisi tuliozoea kuogopa mlango wa biro tutapotea pale tukiendelea vile. Faida iko mahali pengine: Michigan iko na programu iitwayo UROP, inayoingiza hata wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika kazi ya uchunguzi pamoja na profesere. Chuo kidogo mara nyingi hakina mashini zile. Basi anayetaka kujua kama iniversite kubwa inamfaa asiulize uwanja una viti ngapi. Aulize, "Mtu wa mwaka wa kwanza anaweza kuingia katika laboratwari gani, na anaomba kwa nani?"

Halafu kuna bei. Kwa mgeni, kusoma, kulala na kula pale Michigan kunapita dola 70,000 kwa mwaka mmoja. Mwaka mmoja, tunarudilia. Iniversite nyingi za majimbo hazina msaada kwa mgeni anayeanza. Zilizo na msaada mkubwa kwa wageni ni chache na zinachagua kwa ukali, kama Harvard, Yale na Princeton. Na hizo tatu hazitoi bursi ya mpira hata kidogo, ni sheria ya kundi lao. Zinatazama feza za wazazi na masomo yako. Mlango mwingine uko juu. Wanaotafuta udoktere katika iniversite za uchunguzi mara nyingi hawalipi minervali, wanapewa posho kwa kufundisha ao kusaidia uchunguzi. Tunafikiri mlango huu ndio wa kweli kwa wengi wetu, ijapo hauna kelele: kumaliza vizuri hapa, kujua Kiingereza, kiisha kuomba.

Sasa yule wa kwanza, anayetaka kucheza. Hapa tutakaa.

Wote mnajua jina la Oscar Tshiebwe. Alizaliwa Lubumbashi mwaka 1999, alianza na mpira wa miguu kama sisi wote, basketi ilikuja nyuma. Alikwenda Marekani akiwa kijana wa sekondari, akacheza West Virginia University, kiisha Kentucky. Kentucky ni mahali ambapo basketi ni kama chakula. Timu ya wanaume imechukua kombe la nchi mara 8. Msimu wa 2021–2022 Tshiebwe alidaka mipira 15 kwa kila mchezo, na mwaka 2022 walimpa zawadi za mchezaji bora wa vyuo vya nchi nzima. Mtoto wa huku! Lakini sikieni yanayofuata. Mwezi wa tatu 2022 Kentucky ilifungwa katika mchezo wa kwanza wa mashindano makubwa na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City, ijapo yeye peke yake alitia pointi 30. Na mwezi wa sita 2023, timu za NBA zilipochagua vijana 58, jina lake halikuitwa. Yule aliyekuwa bora kuliko wote mwaka mmoja mbele! Hakukata tamaa, alipata mkataba mdogo kwa Indiana Pacers, kiisha Utah Jazz. Tunamheshimu sana. Tunauliza tu: kama njia ilikuwa nyembamba vile kwa yeye, itakuwa namna gani kwa kijana anayecheza vizuri katika mashindano ya mtaa wetu?

Tena kuna jambo la viza ambalo maajanti hawalisemi. Tangu mwezi wa saba 2021 mchezaji wa chuo anaweza kupata feza kwa jina lake na sura yake, kwa matangazo na mengine. Na kiisha hukumu ya korti ya mwezi wa sita 2025, iniversite zinaweza kulipa wachezaji zenyewe, mpaka karibu dola milioni 20.5 kwa wachezaji wake wote katika mwaka wa kwanza. Wengi wamesikia hayo na macho yamewaka. Lakini mgeni mwenye viza ya mwanafunzi amefungwa: kazi anayoruhusiwa kwa kawaida ni ya ndani ya chuo, si zaidi ya saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Tshiebwe mwenyewe, pamoja na sifa yake yote, alifanya kazi ya matangazo mwezi wa nane 2022 timu ilipokwenda Bahamas, sababu Bahamas si Marekani. Mwenzake Mmarekani wa timu ileile alifanya nyumbani kwake.

Mfano wa pili ni marehemu Dikembe Mutombo. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1966, akafika Georgetown, katika mji wa Washington, mwaka 1987. Georgetown si ya serikali wala si kubwa kama Michigan, lakini iko katika lile kundi la kwanza la uchunguzi. Hakwenda kwa bursi ya mpira. Alikwenda kwa bursi ya serikali ya Marekani, nia yake ni kuwa munganga. Kiingereza hakujua, akaanza kujifunza pale. Ni palepale kocha John Thompson alipomwona, mtu wa metre mbili na kitu, akamwita kwenye timu. Udaktari aliuacha, lakini masomo hakuacha: mwaka 1991 alitoka na diplome ya elimu ya lugha na ya diplomasia, na mwaka uleule Denver ikamchagua wa nne. Mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, ikafunguliwa, vitanda 300. Alikufa tarehe 30 Septemba 2024. Tunaona ya kwamba aliingia chuoni kwa mlango wa masomo, mpira ukamkuta ndani. Kama goti lingevunjika mwaka wa pili, diplome ingebaki njiani kumngoja.

Bado neno moja gumu, maana tusisifu tu. University of North Carolina ya Chapel Hill ni iniversite ya sifa kubwa, kwa uchunguzi na kwa basketi. Mwaka 2014 ripoti iliyoagizwa na chuo chenyewe ilionyesha ya kwamba kwa miaka 18 kulikuwa na masomo ya jina tu: hakuna darasa, hakuna profesere, ni karatasi moja mwishoni, na alama nzuri. Wanafunzi 3,100 hivi walipita pale, karibu nusu yao wachezaji wa timu za chuo. Na masomo yale yalikuwa katika idara ya mambo ya Afrika! Wale vijana walishangiliwa na maelfu ya watu, na hakuna aliyewafundisha kitu. NCAA mwaka 2017 haikukipa chuo azabu, ikisema masomo yale yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote, si wachezaji peke yao. Sisi hatukuridhika na jibu lile, lakini hawakutuuliza.

Kwa hiyo mchezaji anayeitwa na iniversite kubwa, sisi tunamshauri achague kama mtu anayejua kwamba siku moja mpira utasimama. Sheria inasema mazoezi yasipite saa 20 kwa juma wakati wa msimu, lakini safari na kulala njiani ni juu yake. Je, kocha atamruhusu kusoma uenjenia, ambayo laboratwari yake ni alasiri, saa ileile ya mazoezi? Bursi ni ya mwaka mmoja inayofanywa upya, ao ya miaka yote? Akivunjika mguu itakuwaje? Wachezaji waliokuja miaka minne nyuma, wangapi walimaliza, na walimaliza somo gani? Kocha mwema hakasiriki kwa maulizo hayo. Aonyeshe pia karatasi za shule mapema, maana NCAA inataka masomo 16 ya lazima ya sekondari kwa daraja la kwanza, na bulletin zetu za Kifaransa zinapaswa kutafsiriwa. Mwenye kudharau hesabu na Kiingereza kwa sababu anajua kurusha mpira amejifungia mlango yeye mwenyewe, hapahapa, mbele ya viza.

Kwa dada zetu: msiruke somo hili. Sheria ya mwaka 1972 inayoitwa Title IX inakataza shule inayopokea feza za serikali ya Marekani kubagua wasichana, na kwa ajili yake iniversite zile ziko na timu za wanawake zenye bursi za kweli, basketi, mbio, voleboli. Hapa kwetu wasichana wanapewa uwanja saa kumi na moja na nusu, giza likiwa karibu. Tumekwisha kumwambia mwalimu wa michezo.

Sasa lile jambo. Mwenzetu mmoja wa darasa la mwisho, mrefu kuliko wote, alipokea barua kwenye simu tangu mwezi wa pili. Ajanti mmoja anasema amempatia bursi kamili katika iniversite kubwa yenye timu kubwa, na inabaki tu kutuma dola 1,200 kwa "kufungua dosie". Tulisoma barua ile pamoja naye, kwa ruhusa yake. Jina la kocha halimo. Somo atakalosoma halimo. Feza zinatakiwa kwenye namba ya simu ya mtu. Baba yake mdogo amekwisha kupata mnunuzi wa kiwanja cha familia, kile alichoacha marehemu baba yake, na mnunuzi anataka jibu mbele ya mwisho wa mwezi huu.

Hatusemi kila ajanti ni mwizi. Tunasema iniversite ya kweli inajulikana kwa mambo ya wazi. Majina ya makocha wake wote na anwani zao yako mbele ya watu, na anwani zile kwa kawaida zinamalizika kwa "edu". Karatasi ya kuombea viza, ile iitwayo I-20, inatolewa na chuo chenyewe, si na mtu wa katikati. Feza ya SEVIS, dola 350, inalipwa kwa serikali ya Marekani, na risiti inabaki kwa mwanafunzi. Bursi kamili inayoanza kwa kudai feza za mtu maskini, tunaomba waalimu watuambie kama wamekwisha kuiona.

Mwenzetu alisikiliza. Alisema, "Kama ni uongo, nitasema nini kwa baba mdogo? Alikwisha kutangaza kwa jamaa yote." Neno lile lilitushinda, hatukuwa na jibu. Tulikwenda naye kwa Bwana Prefe, naye Jumatatu aliandika kwa ofisi ya michezo ya iniversite ile, kwa Kiingereza, kuuliza kama wanalijua jina la kijana wetu. Tena alimwita baba mdogo aje shuleni Ijumaa, naye amekubali kuja. Mnunuzi ameombwa kungoja.

Kundi la masomo ya Kiingereza litakutana kila Jumatano kiisha chakula cha jioni katika darasa la chini. Wa madarasa ya chini pia waje, na kila mmoja na daftari yake. Hesabu yote ya malipo, mstari kwa mstari, iko kwa kapita wa interna, mwenye kutaka aiombe ainakili, asiibebe. Jibu la iniversite likifika, na mwenzetu akiruhusu, tutalibandika kwenye ubao karibu na mlango wa chumba cha chakula.

Makapita wa darasa la mwisho